Cheni mpya kwa saa ya zamani: Pini ndogo yabeba urithi mzima

Na Mwandishi Wetu, Tanga

SI ajabu katika nyumba za Tanga, Pangani au Muheza kukuta saa ya mkono ambayo haivaliwi. Imefungwa ndani ya leso, au imelazwa sandukuni pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Mwenyewe alikuwa karani wa bandari, fundi wa reli, nyapara wa shamba la mkonge au mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ametangulia mbele ya haki, lakini saa yake ipo, na ikitikiswa kidogo mshale wa sekunde huanza kutembea.

Mara nyingi kinachoifanya saa kama hiyo ikae sandukuni si ubovu wa mashine yake. Ni cheni. Pingili zimelegea, kifungo hakishiki, au cheni yenyewe ilikatika zamani na hakuna aliyejishughulisha kuitafutia nyingine.

Kisha siku moja kijana wa familia huamua kuivaa, pengine kwa ajili ya harusi au sikukuu ya Idi. Huipeleka mjini, huchagua cheni inayong'ara, hufungiwa kwa dakika chache na kuondoka akiwa na furaha. Wiki chache baadaye pini moja huchomoka akiwa ndani ya daladala au akiwa ameinama ukingoni mwa ngalawa. Saa iliyodumu miongo mingi mkononi mwa mzee hupotea kwa sababu ya kijiti cha chuma kisichozidi unene wa njiti ya kiberiti.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuepukika. Kuifungia saa ya zamani cheni mpya ni kazi ndogo, lakini ina kanuni zake, na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba cheni ndiyo inayopaswa kuifuata saa. Saa isilazimishwe kuifuata cheni.

Kwa nini cheni, si ngozi

Wakazi wa bara, hususan wa maeneo ya baridi kama Lushoto, wanaweza kuvaa mkanda wa ngozi kwa muda mrefu bila tatizo. Mwambao una hali tofauti. Joto na unyevunyevu wa pwani humfanya mtu atoke jasho karibu mwaka mzima, na ngozi inayolowa na kukauka kila siku hukakamaa, hupasuka na kutoa harufu.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika miji ya pwani, ipo sababu nyingine. Anayeswali sala tano hutawadha mara kadhaa kwa siku, na maji hayana budi kuufikia mkono hadi kwenye kiwiko. Saa husogezwa au huvuliwa, kisha hurudishwa kwenye mkono ambao bado una maji. Mkanda wa ngozi hauwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, ilhali cheni ya chuma kisichoshika kutu huvumilia.

Aidha, wanaume wa Kiislamu wamekatazwa kuvaa dhahabu. Kwa hiyo wengi wao huchagua cheni nyeupe ya chuma badala ya ile yenye rangi ya dhahabu, hata kama imepakwa tu.

Hata hivyo, hoja hizo hizo zinazoipendelea cheni ndizo zinazoihatarisha saa. Cheni inayofunguliwa na kufungwa mara tano au zaidi kwa siku huvuta pini zake mara nyingi sana kwa mwaka. Pini dhaifu ambayo ingedumu miaka kadhaa kwa mtu anayevua saa usiku tu, mwambaoni huchakaa mapema.

Cheni ilikuwa sehemu ya saa

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume wengi waliomiliki saa waliziweka mfukoni, zikiwa zimefungwa kwa mkufu. Askari waliohitaji kutazama wakati huku mikono yao imeshika silaha ndio walioieneza saa ya mkono. Ni vita hiyo hiyo iliyofika Tanga mwezi Novemba mwaka 1914, pale majeshi ya Uingereza yaliposhuka kutoka melini na kurudishwa baharini na jeshi la Wajerumani.

Mikanda ya mwanzo ilikuwa ya ngozi au kitambaa. Cheni za chuma zilishika kasi baadaye, na mwaka 1959 kampuni ya Speidel ya Marekani ilitoa cheni yake maarufu ya kuvutika iitwayo Twist-O-Flex, ambayo haina kifungo na hupanuka wakati mkono unapopita.

Mwaka 1963 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa zilizoitwa Seiko 5. Tarakimu hiyo ilisimama badala ya sifa tano: kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, kuonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, kustahimili maji, kuwa na kitufe kilichofichwa upande wa tarakimu ya 4, na kuwa na kasha pamoja na cheni imara. Yaani kwa watengenezaji wenyewe, cheni haikuwa pambo. Ilikuwa miongoni mwa ahadi tano walizompa mnunuzi.

Baadhi ya saa hizo zilitengenezwa zikiwa na majina ya siku kwa Kiingereza na Kiarabu. Anayerithi saa ya aina hiyo anarithi kitu kilichobuniwa kikiwa kimoja, kasha na cheni yake, na kukitafutia cheni nyingine kunahitaji subira.

Soma mgongo wa saa kwanza

Kabla ya kwenda dukani, saa igeuzwe na maandishi ya mgongoni yasomwe kwa kioo cha kukuzia.

Kwenye saa nyingi za zamani za Seiko huwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari. Nne za mwanzo, kwa mfano 7009, hutambulisha mashine iliyomo ndani. Zinazofuata hutambulisha kasha. Namba ya kasha ndiyo yenye thamani kwa anayetafuta cheni, kwa kuwa saa mbili zenye mashine moja zinaweza kuwa na makasha tofauti kabisa, na cheni ya moja isiingie kwenye nyingine.

Namba nyingine ndefu iliyo peke yake hueleza umri. Tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi, ambapo Novemba huandikwa kwa herufi N na Desemba kwa herufi D. Inayoanza na 74 ilitengenezwa Aprili ya mwaka unaoishia na 7, uwe 1967 au 1977, na namba ya mashine ndiyo huamua ni muongo upi.

Hali kadhalika, kama kipande cha cheni ya asili bado kipo, kisitupwe. Cheni nyingi za Seiko huwa na namba iliyogongwa ndani ya kifungo au nyuma ya kipande cha mwisho, na namba hiyo humwezesha muuzaji kutafuta inayofanana.

Mgongo wa saa pia hueleza madini. Maneno ya Kiingereza "Stainless Steel Back" huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba mgongo tu ndio wa chuma kisichoshika kutu. Kasha lililobaki mara nyingi huwa la shaba nyeupe au ya manjano iliyopakwa kromiamu au dhahabu nyembamba. Kasha kama hilo ni laini kuliko cheni ya kisasa ya chuma kigumu, na likisuguana nayo kila siku, litakaloliwa ni kasha.

Milimita moja ina maana

Kila kasha lina pembe nne zinazochomoza, mbili juu na mbili chini, na cheni hukaa kati ya kila jozi. Nafasi hiyo ya ndani kati ya pembe mbili ndiyo kipimo cha cheni. Saa za kiume za miaka ya 1950 hadi 1970 kwa kawaida huwa na milimita 16 hadi 20, na Seiko 5 nyingi huwa na 18 au 19.

Kifaa bora cha kupimia ni kalipa ya vernia, ile inayofahamika kwa wanafunzi wa fizikia wa sekondari. Asiye nayo anaweza kukata kipande cha kadi ngumu, akakipunguza kidogo kidogo hadi kiingie kati ya pembe bila kulegea wala kupinda, kisha akakipima kwa rula. Ni vizuri kupima juu na chini, kwani saa iliyowahi kuanguka inaweza kuwa na pembe iliyopinda.

Cheni ya milimita 18 kwenye nafasi ya 19 huonekana inafaa siku ya kwanza. Lakini huyumba kulia na kushoto, na kila inapoyumba ncha ya pini husugua tundu lake. Polepole tundu la mviringo hugeuka umbo la yai, na hapo hakuna pini itakayoshika vizuri tena.

Cheni iliyo pana kuliko nafasi huleta kishawishi kibaya zaidi, nacho ni tupa. Fundi asiye makini hulikwangua kasha upande wa ndani ili cheni ipite. Kwa kitendo hicho cha dakika moja, pembe hupungua unene na chuma kilichoondoka hakirudi. Ikiwa ni lazima tupa itumike, basi itumike kwenye cheni, ambayo inaweza kununuliwa nyingine.

Kipande cha mwisho

Cheni hutofautiana zaidi kwenye kipande chake cha mwisho, yaani kile kinachogusana na kasha. Vipo vilivyonyooka na vilivyopinda.

Kilichonyooka huingia kwenye saa nyingi zenye upana unaolingana, lakini huacha uwazi kati ya cheni na mviringo wa kasha. Baadhi ya watu huuona uwazi huo kuwa kasoro, ingawa kwa saa ya urithi ni kasoro ndogo isiyo na madhara.

Kilichopinda huziba uwazi huo na huipa saa sura ya kiwandani, mradi mpindo wake ufanane na mviringo wa kasha na tundu lake lilingane na matundu ya pembe. Kisipofanana, husukuma kasha au huikunja pini. Dalili yake ni rahisi kuiona: pini huingia kwa nguvu, au cheni haishuki kwa uhuru pembeni mwa saa. Cheni ya namna hiyo irudishwe dukani.

Uzito nao uangaliwe. Saa nyingi za miaka hiyo zina kasha la milimita 34 hadi 38 na zilitengenezewa cheni nyepesi za bati lililokunjwa. Cheni nzito iliyokusudiwa saa kubwa za kisasa huvuta pembe na kuifanya saa igeuke mkononi.

Pini, kiungo dhaifu

Kinachoiunganisha saa na cheni ni pini mbili tu. Kila pini ni mrija mwembamba wenye springi ndani, na ncha zake hubonyea na kufyatuka kuingia kwenye matundu ya pembe. Nyingi zina unene wa takriban milimita 1.5, na zipo nene zaidi za 1.8. Saa za Seiko za wazamiaji hutumia nene zaidi ya hapo.

Pini ya zamani isirudishwe kwenye cheni mpya. Springi yake imechoka, na ikiwa si ya chuma kisichoshika kutu, jasho na chumvi vimekwisha kuila kwa ndani pasipo kuonekana. Bei ya pini mbili mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na saa inayobebwa nazo. Ichaguliwe pini nene kadiri tundu la cheni linavyoruhusu, na ncha zake zijae kwenye matundu ya kasha bila kucheza.

Wapo wanaotumia kipande cha waya au msumari badala ya pini. Njia hiyo huonekana imara kwa kuwa waya haufyatuki. Hata hivyo, saa ikinaswa kwenye mlango au kamba, pini ya kawaida huachia kabla ya pembe kuvunjika. Waya hauachii, na pembe ya kasha la shaba ikivunjika, kuirudisha ni kazi ngumu.

Hatua za kuifunga

Fundi mwangalifu huanza kwa kutandika kitambaa cheupe, ili pini ikiruka ionekane. Hubandika utepe wa gundi juu ya pembe za saa kuzuia mikwaruzo. Kisha hutumia kifaa chembamba chenye ncha ya panda, ambacho hukamata shingo ya pini na kuibonyeza. Kisu na bisibisi ndivyo vinavyoacha michirizi inayoonekana nyuma ya pembe za saa nyingi za zamani.

Pini hupitishwa kwanza kwenye kipande cha mwisho cha cheni. Ncha moja huingizwa kwenye tundu la pembe ya kwanza, ya pili hubonyezwa na kuteleza hadi inapofika tundu lake. Inapoingia sawasawa husikika mlio mdogo. Mlio huo pekee hautoshi. Cheni isukumwe kulia na kushoto, kisha ivutwe kwa nguvu ya kiasi, saa ikiwa juu ya godoro au mto. Pini iliyokaa vibaya huachia hapo, mahali ambapo haitapotea.

Baada ya hapo hufuata kupunguza urefu. Ndani ya cheni nyingi kuna mishale midogo inayoonyesha upande ambao vijiti vya pingili husukumwa kutoka. Wakati wa kuvirudisha huingizwa kinyume cha mshale, na ule upande wenye ufa ukiwa wa mwisho kuingia. Pingili zipunguzwe pande zote mbili ili kifungo kikae katikati, chini ya mkono. Zilizotolewa zihifadhiwe, kwani mkono utakaoivaa saa hiyo baadaye huenda ukawa mnene zaidi.

Kwa mkazi wa pwani, muda wa kupima mkono nao una maana. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mkono huvimba kidogo mchana. Cheni iliyopimwa asubuhi ya baridi ya kusi itabana saa nane za mchana wa Januari, na cheni inayobana huvuta pini muda wote. Kipimo kizuri ni kidole kidogo kupita chini ya kifungo bila shida.

Adui aitwaye chumvi

Chuma kisichoshika kutu hakistahili sana jina hilo karibu na bahari. Kinalindwa na utando mwembamba unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake pamoja na hewa. Chumvi huutoboa utando huo, hasa mahali ambapo maji hunasa na hewa haifiki, kama katikati ya pingili na nyuma ya kipande cha mwisho. Ndiyo maana cheni inaweza kung'ara juu huku ikiliwa chini.

Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi. Cheni ivuliwe kwenye saa mara moja moja, isuguliwe kwa mswaki laini na sabuni, isuuzwe na ikaushwe kabisa. Saa yenyewe isiingizwe majini. Mipira inayozuia maji ndani ya kasha hukauka kwa umri, na maandishi ya mgongoni yanayosema kuwa saa haipitishi maji yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani.

Cheni za kuvutika zinahitaji uangalizi zaidi. Zinawafaa wanaotawadha mara kwa mara kwa sababu husogezwa bila kufunguliwa, lakini springi zake nyingi ndogo hushika uchafu na chumvi, na kila zinapovutwa huvuta pia pembe za kasha.

Aende nani dukani

Mafundi saa wamepungua tangu simu za mkononi zilipoanza kuonyesha wakati, lakini hawajaisha. Anayekosa cheni inayofaa Ngamiani anaweza kuitafuta Kariakoo, Dar es Salaam, au kuvuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa. Popote aendapo, achukue saa yenyewe, si kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, na aseme mapema kwamba kasha lisiguswe kwa tupa wala lisisuguliwe kwa mashine ya kung'arisha. Asimame pale kazi inapofanyika.

Na cheni kuukuu, hata kama imekatika, ifungwe kwenye leso ile ile na kurudishwa sandukuni. Ina namba yake, ina urefu wa mkono wa mzee aliyeivaa, na siku moja fundi mwenye subira anaweza kuiunga. Cheni mpya inaweza kubadilishwa mara nyingi itakavyohitajika, mradi saa iliyofungwa nayo ibaki kama alivyoiacha mwenyewe.